Picha ya Masika Isiyo na Mvua

Mwezi wa Aprili mwaka 2022, katika shule moja ya sekondari huko Ukambani, tangazo lilibandikwa ukutani likiwataka wanafunzi wote wachore picha yenye jina hili: "Majira Tuliyo Nayo". Walipewa wiki mbili, na zawadi ya kwanza ilikuwa sanduku la rangi za maji pamoja na brashi tatu. Waamuzi tulikuwa watatu: mwalimu wa sanaa, mzee mmoja mkulima aliye katika halmashauri ya shule, na mimi mwandishi wa habari hizi. Nawasimulia wasomaji mambo ya siku ile, kwa sababu yanamhusu kila mzazi na kila mwalimu.

MAJIRA YA KITABUNI

Picha zilitandazwa juu ya madawati, nazo zilipita hamsini. Nyingi zilipendeza kwa mbali, walakini ulipozikaribia uliona ya kuwa wachoraji hawakutazama nje ya dirisha. Hapa jua lachomoza katikati ya vilima viwili vilivyolingana. Pale nyumba ina bomba la moshi juu ya paa, ijapokuwa hakuna nyumba ya namna hiyo katika kata nzima. Mmoja alichora theluji. Wengine wengi walichora mvua nzito na mahindi yaliyofika kiunoni, hali siku ile mashamba yote yalikuwa makavu.

Yafaa tusiwalaumu mno. Mtoto aliyefundishwa kwamba Aprili ni mwezi wa mvua atachora mvua, kama vile aliyefundishwa kwa vitabu vya ng'ambo atakavyochora theluji. Wote wawili wamejibu swali la mtihani. Hawakujibu swali la tangazo.

Walikuwapo pia waliotazama. Mvulana mmoja alichora mto wa mchanga, na wanawake wamechimba shimo wakateka maji kwa kata, nyuma yao mitungi ya plastiki imepangwa mstari mrefu. Mwingine alichora kanga wakifukua mbegu zilizopandwa kabla ya mvua kufika.

SHAURI LA WAAMUZI

Picha iliyotuzuia kwa muda mrefu ilikuwa ya msichana wa kidato cha pili. Hakuwa na rangi za dukani. Alitumia makaa, na udongo mwekundu aliousaga akauchanganya na gundi. Alichora mama ameketi ukingoni mwa tuta la fanya juu. Jembe limelala kando yake, na mapajani ana kibuyu cha mbegu, mkono wake umekifunika mdomo. Mbingu aliiacha karatasi tupu.

Mwalimu alisema, "Kazi ni nzuri, lakini haya ni majira ya masika. Mvua yake iko wapi? Tena wazazi watakuja siku ya zawadi. Je, mama huyu hataona haya kutundikwa ukutani na umaskini wake?"

Mzee alivua miwani, akajibu taratibu: "Mwalimu, mimi nilipanda mara moja, mbegu zikafa mchangani. Nilizobakiza nimezifunika hivyo hivyo kwa mkono, maana sijui kama ni za kupanda au za kupika. Mtoto huyu ameyachora majira haya barabara. Wale wenye mahindi ya kijani, sijui wanalima wapi."

Tulimwita msichana tumwulize. Akasema kwa heshima, "Mama aliniambia nichore mahindi mabichi, nisituaibishe. Lakini tangazo lilisema majira tuliyo nayo."

Basi shauri likaisha, na zawadi ya kwanza akapewa yeye. Mama yake alikuja siku ya zawadi. Alisimama mbele ya picha ile kitambo, kisha akamwambia mzee yule, "Kibuyu amekipatia sawasawa."

MAMBO YALIYOKUWA NYUMA YA PICHA

Msichana yule hakukosea hata kidogo. Katika Kenya mvua za masika hutazamiwa tangu Machi mpaka Mei, na za vuli tangu Oktoba mpaka Desemba. Na watu wa Ukambani huzitegemea zaidi za vuli. Lakini tangu vuli ya mwaka 2020 hata vuli ya mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ilipungukiwa na mvua katika sehemu nyingi kavu za nchi. Mifugo ilikufa kwa wingi, na watu wengi wakahitaji msaada wa chakula. Kisha mambo yakageuka: mwisho wa mwaka 2023 yalikuja mafuriko, na masika ya mwaka 2024 yaliua zaidi ya watu 200.

Wala si jambo jipya mchoraji kuonyesha majira yaliyokosa baraka. Mwaka 1565 Pieter Bruegel alichora picha za nyakati za mwaka kwa ajili ya tajiri mmoja wa Antwerp, na tano zingalipo hata leo. Katika ile ya baridi, wawindaji warudi kijijini katika theluji, na kundi zima limepata mbweha mmoja tu. Theluji ile ni haki yake, maana ndiyo iliyokuwa mlangoni pake.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyefundisha Makerere, alichora maisha ya kijijini kwake. Naye Elimo Njau, katika picha zake za ukutani kanisani Murang'a mwaka 1959, aliyaweka maisha ya Yesu katika vilima na mimea ya nchi ile ile. Hawa hawakuazima nchi ya mtu mwingine.

MAUSIA KWA WALIMU NA WAZAZI

Mwalimu atakaye kuanzisha mashindano kama haya na afanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya kugawa karatasi, awatoe wanafunzi nje wakatazame: udongo una rangi gani, ng'ombe wamekonda au wamenenepa, kumbikumbi wametoka au bado, watu wanafanya kazi gani. Majira hujulikana kwa kazi za watu kuliko kwa mawingu. Pili, ukosefu wa rangi usiwe udhuru, kwa maana makaa na udongo vimetosha kumpa mtu zawadi ya kwanza. Tatu, kila mtoto aandike nyuma ya picha yake siku, mwezi, mwaka na mahali.

Jambo hili la tatu lisidharauliwe. Kipimo cha mvua huandika kiasi cha maji yaliyoanguka, lakini hakiandiki kwamba mkulima alikaa na mbegu zake asijue la kufanya. Nanyi wazazi, mtoto akichora shamba lenu lilivyo, msimwambie atuaibisha. Miaka mingi ikiisha kupita, wajukuu watataka kujua masika ya mwaka 2022 yalikuwaje. Picha ile sasa imetundikwa katika ofisi ya shule, na tarehe yake iko nyuma.