Kipya Kinyemi, Lakini Tusiitupe Negativu

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kinyemi cha zama hizi ni picha ya simu, isiyo na gharama wala kungoja. Kidonda chake nakijua. Mwaka jana simu yangu iliibwa ndani ya matatu, ikatoweka na picha zote za mwisho za marehemu mama. Iliyosalia ni ile aliyopigwa studioni akingali msichana. Negativu yake aliitunza ndani ya bahasha, nami nimewachapishia ndugu zangu nakala tano.

Je, picha za mkanda zimekufa? La hasha. Ni kweli kwamba Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, na kwamba mnamo 2012 kampuni iyo hiyo ilitangaza kufilisika. Hata hivyo, mikanda ya Kodak ingali inatengenezwa, na mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya mkanda. Lakini hayo ni ya wenye nafasi. Simrai mwananchi aiache simu yake. Linalonikera ni hatima ya mikanda ambayo tayari imekwisha kupigwa.

Tutazame Mali. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948. Kwa kuwa negativu zake zilihifadhiwa, katika miaka ya 1990 zilichapishwa upya, na ulimwengu ukawaona watu wa Bamako jinsi wenyewe walivyopenda kuonekana. Mombasa, Nakuru na Kisumu nako tulikuwa na studio zetu. Je, ni masanduku mangapi yaliyoishia jalalani wenye studio walipofunga milango?

Isitoshe, hata lugha inapungukiwa. Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu maana ya “kusafisha picha”. Mmoja alijibu kuwa ni kuipangusa vumbi! Kitendo kikitoweka, neno lake hubaki yatima.

Wakati umewadia kwa makavazi, vyuo vikuu na serikali za kaunti kuzipokea na kuzitunza negativu hizi kabla warithi hawajazitupa. Nawe msomaji, lifungue kabati la wazazi wako, uwaulize majina ya waliomo pichani, uyaandike. Akiba haiozi, twaambiwa; lakini negativu huoza palipo na unyevu.