Bangi Iruhusiwe au Ikatazwe? Tuijue Kwanza



Mwezi uliopita mama mmoja alikuja zahanati na mtoto wake wa miaka saba. Mtoto huyo ana kifafa. Mama alikuwa amefunga kitu katika pindo la khanga. Alipofungua, niliona majani makavu ya bangi.

Akaniuliza, "Daktari, mwanangu, nimesikia redioni kwamba huko nje bangi inatibu kifafa. Nimchemshie kiasi gani?"

Mimi si daktari, ni mganga msaidizi. Lakini nilifurahi kwamba mama huyu aliuliza kabla ya kuchemsha. Wengi hawaulizi kwa sababu wanaogopa. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya bangi bila kufichana.

Watu wanabishana nini?

Hapa Tanzania bangi ni marufuku. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuilima, kuiuza na kuitumia. Mtu akipatikana na hatia ya kuilima au kuiuza, anaweza kufungwa miaka 30.

Nchi nyingine zimebadili sheria zao. Mwaka 2013 Uruguay ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu bangi ilimwe, iuzwe na kutumiwa na watu wazima. Kanada ilifuata mwaka 2018. Hapa Afrika, Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini ilisema kwamba mtu mzima akitumia bangi kwa faragha nyumbani kwake si kosa. Rwanda iliruhusu kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2021, lakini kuivuta huko bado ni kosa.

Wanaotaka iruhusiwe wanasema: pombe nayo inadhuru, mbona inauzwa? Wanasema mkulima atapata fedha, na vijana hawatajaa magerezani. Wanaokataa wanasema: tayari pombe inatusumbua, kwa nini tuongeze ulevi mwingine? Tena watoto wataipata kwa urahisi.

Kila upande una neno la kusikilizwa. Lakini tusidanganyike juu ya fedha. Bangi ya dawa hailimwi nyuma ya nyumba. Hulimwa na wenye leseni, na leseni hizo ni ghali. Kule Lesotho wakulima wadogo wengi wameshindwa kuzilipia.

Bangi hufanya nini mwilini?

Ndani ya bangi mna kemikali nyingi. Mbili zinajulikana zaidi. Moja huitwa THC. Hii ndiyo inayolevya. Nyingine huitwa CBD. Hii hailevyi.

Mama yule alisikia kweli, ila alisikia nusu. Mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa ya CBD kwa watoto wenye aina fulani za kifafa kikali. Dawa hiyo ni ya maji, imesafishwa, na hupimwa kwa uzito wa mtoto. Majani ya kuchemsha si dawa hiyo. Hakuna anayejua yana THC kiasi gani. Mtoto akinywa anaweza kulala asiamke upesi, au akapata shida ya kupumua.

Kwa vijana kuna hatari nyingine. Ubongo wa mtu huendelea kukua hadi karibu miaka 25. Anayeanza kuvuta mapema husahau masomo. Wengine huchanganyikiwa, husikia sauti zisizokuwapo. Katika watumiaji 10, karibu mmoja hunaswa asiweze kuacha. Moshi wake hudhuru mapafu. Mama mjamzito akivuta, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Woga nao unaumiza

Kijana mmoja aliletwa kwangu amefungwa kamba mikononi. Alikuwa amechanganyikiwa kwa miezi miwili. Baba yake alisema, "Tulimficha ndani. Tuliogopa kwamba tukisema bangi, atafungwa."

Ndugu zangu, ugonjwa ukifichwa hukomaa. Bunge ndilo linalotunga sheria, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Lakini sheria ikibaki au ikibadilika, mgonjwa ni mgonjwa. Mleteni zahanati mapema. Mwelezeni mganga ukweli wote, ili ajue anatibu nini. Siri ya mgonjwa ni amana.

Mama yule je?

Nilimuuliza kuhusu vidonge vya fenobabitoni tulivyompa mtoto. Alisema aliviacha, kwa kuwa mtoto alikaa miezi mingi bila kuanguka. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla, hata mgonjwa akionekana amepona. Huachwa kwa ushauri wa mganga, kidogo kidogo.

Tulimrudishia mtoto vidonge vyake. Majani yale tuliyatupa chooni. Hii ni wiki ya tatu, na mtoto hajaanguka. Jana nilimwona akienda shule.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya dawa ya CBD na majani ya bangi ya kuchemsha?
2. Kwa nini dawa ya kifafa haiachwi ghafla?
3. Je, kijijini kwenu mgonjwa wa bangi hufichwa? Mtafanya nini ili aletwe mapema?