Kikohozi cha Makohozi Mengi: Kimetoka Wapi?

Je, unamfahamu mtu ambaye kila asubuhi hukohoa na kutoa makohozi mengi, miaka nenda miaka rudi? Makohozi yenyewe ni mazito, ya njano au ya kijani. Siku nyingine yana damu. Majirani husema, "Huyo ana TB." Wengine husema amerogwa.

Katika darasa letu alikuwapo mzee wa namna hiyo. Alikaa benchi la nyuma peke yake, maana wenzake walimwogopa. TB aliugua zamani, akanywa dawa zote, akapona. Kikohozi kikabaki. Alipokwenda kutibiwa mahali fulani, alianzishiwa tena dawa za TB bila makohozi yake kupimwa. Akazinywa, akazimaliza. Kikohozi kikawa kile kile.

Ugonjwa wake ni kutanuka kwa mirija ya hewa. Madaktari huuita bronkiektasisi. Si ugonjwa mpya: daktari Mfaransa, Laennec, aliueleza mwaka 1819. Nao wenyewe hauambukizi.

Ndani ya mapafu mna mirija mingi, kama matawi ya mti. Mirija mizima hujisafisha: uchafu husukumwa juu kidogo kidogo mpaka kooni. Sasa fikiria mfereji wa shambani. Kingo zikiwa nzima, maji hupita. Kingo zikibomoka, mfereji hupanuka, maji hutuama, matope hujaa. Ndivyo ilivyo kifuani. Makohozi hutuama, vijidudu huzaliana humo, navyo huzidi kuibomoa mirija. Kwa mtu mzima, mirija iliyokwisha haribika hivyo hairudi kuwa kama zamani.

Swali ni hili: kingo zilibomolewa na nini?

Katika nchi zenye TB nyingi, kama yetu, TB ni chanzo kimojawapo kikubwa. Dawa huua vijidudu vyake, lakini kovu hubaki. Pengine chanzo ni cha utotoni: surua, kifaduro au nimonia kali. Mtoto alipona, wazazi wakasahau, lakini kifua hakikusahau. Kwa hiyo usikose kumpeleka mtoto wako kupata chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Virusi vya UKIMWI hupunguza kinga ya mwili, na nimonia hurudi mara kwa mara. Wapo waliozaliwa na kinga dhaifu. Wapo wenye pumu ambao mapafu yao hudhuriwa na ukungu unaovutwa pamoja na hewa. Hata karanga au kipande cha mfupa huweza kumpalia mtu, kikaziba mrija mmoja kwa miaka. Moshi wa kuni na sigara huzidisha taabu. Na wapo ambao chanzo hakionekani hata wakipimwa vyote. Hao nao hutibiwa.

Chanzo hutafutwa kwa sababu tiba hukifuata. Mwenye virusi vya UKIMWI atapewa dawa za kuvipunguza nguvu. Aliyepaliwa atatolewa kitu hicho. Dawa za TB hazimsaidii hata mmoja wao, kama hana TB.

Hata hivyo, makohozi lazima yapimwe kwanza, kwa kuwa TB huweza kurudi kweli. Kisha hupimwa damu, na kupigwa picha ya kifua. Picha ya kawaida wakati mwingine haionyeshi kitu, ndipo mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa yenye mashine ya siti-skani. Ikionekana mirija imeharibika mahali pamoja tu, daktari hushuku kitu kilichoziba. Ikiwa ni pande zote mbili, hutafuta chanzo kilicho katika mwili mzima.

Lakini kabla ya mashine kuna maswali, na hapa kusoma na kuandika kuna faida yake. Yule mzee alimwuliza dada yake mkubwa habari za utoto wake. Akaandika kwa mkono wake: "Surua, karibu nife. TB, nilimaliza dawa. TB mara ya pili, sikupimwa." Daktari aliisoma karatasi ile mara mbili. Makohozi yalipopimwa, hayakuwa na TB. Alifundishwa jinsi ya kulala ili makohozi yatoke, na mazoezi ya kupumua ya kila asubuhi. Makohozi yakizidi au yakibadilika rangi, hurudi kupewa dawa ya kuua vijidudu.

Bado anakohoa. Lakini benchi la nyuma amelihama.