Mabomu ya ardhini: fedha za mfadhili na kazi yetu

Kwa Kifaransa neno moja, mine, lina maana mbili: mgodi wa shaba, na bomu lililotegwa ardhini. Hapa Kolwezi tunaijua sana ile ya kwanza. Lakini ndugu wanachama, hata ya pili inatuhusu.

Ng'ambo ya Dilolo, eneo la Moxico lilitegwa mabomu mengi katika vita vya Angola vilivyoisha Aprili 2002. Reli ya Lobito haikuweza kutengenezwa mpaka mabomu yateguliwe kwanza pembeni mwa njia. Mwaka 2018 madini ya Kongo yakaanza tena kupita pale. Kwa hiyo mahindi yetu yakija kupanda treni hiyo, tukumbuke kuna watu waliopiga magoti kusafisha njia, mita kwa mita.

Ni nani analipa? Marekani peke yake, tangu 1993, imetoa zaidi ya dola bilioni 4 kwa kazi hii katika nchi zaidi ya 100, na Kongo imo. Lakini Januari 2025 ilisimamisha misaada yake ya nje ili kuikagua, na kazi ya kutegua ikasimama katika nchi nyingi. Bomu lenyewe halingoji bajeti. Kongo iliingia katika Mkataba wa Ottawa mwaka 2002, ikapewa miaka 10 kumaliza. Muda huo umeongezwa mara kadhaa.

Mkataba huo unataja pia walioumizwa: matibabu, mazoezi ya viungo, na kurudi kazini. Hapa ndipo penye shida. Mguu wa bandia si kitu cha kupewa mara moja, basi. Mtoto anakua, anahitaji mwingine kila baada ya miezi sita hivi. Mtu mzima, kila miaka mitatu hadi mitano. Mradi unafungwa, lakini mguu bado unadai.

Ndiyo maana tunasema kooperative isingoje mfadhili kwa kila kitu. Mama aliyepoteza mguu anaweza kushika daftari la mizani, kuchagua mbegu, kufuga kuku, kuwa mweka hazina. Mpeni kazi yenye malipo, si huruma tu.

Na mkikuta chuma msichokijua shambani:

- Msikiguse, msikitupie jiwe, msikiuze kwa wanunuzi wa vyuma.
- Msichome majani karibu yake; moto unaweza kukilipua.
- Rudini kwa njia ileile mliyoingilia.
- Wekeni alama mkiwa mbali, mwite chifu na polisi, ili habari ifike kwenye Kituo cha Kongo cha Kupambana na Mabomu, CCLAM.
- Watoto waambiwe leoleo, kabla ya kwenda kuchunga mbuzi.

Shamba litangoja. Mguu ukienda, haurudi.