Ayubu wa sura ya tatu

Makaburini, ibada ikielekea ukingoni, hakosi mtu wa kukumbusha alichosema Ayubu kuhusu Bwana kutoa na Bwana kutwaa. Maneno hayo yamo sura ya kwanza, mstari wa 21. Kitabu kina sura 42.

Sifa ya uvumilivu wa Ayubu, iliyotajwa katika Waraka wa Yakobo, imetufanya tuishie hapohapo. Fungua sura ya tatu. Mtu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa, na tangu hapo hatulii: anadai kesi, anataka Mungu amtajie kosa lake waziwazi. Mwanzo na mwisho wa kitabu ni masimulizi ya nathari. Katikati ni ushairi mrefu wa Kiebrania. Ni kama mshairi alikichukua kisa cha mcha Mungu mvumilivu, akakipasua, akakitia kilio.

Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja kumhani rafiki yao, na walianza vizuri mno: siku saba, usiku na mchana, waliketi naye chini bila kusema neno. Huo ndio msiba tunaoujua. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Mungu ni wa haki, walisema, na wa haki hamwadhibu asiye na kosa, basi tubu. Kufikia sura ya 22, Elifazi anamzulia mwenzake kwamba aliwafukuza wajane mikono mitupu. Ushahidi hana, ila bila dhambi hiyo hoja yake inaanguka. (Nawahurumia kidogo. Kama Ayubu hana kosa, basi hata wao hawako salama.)

Mwaka 1710, mwanafalsafa Leibniz aliipa kazi hii ya kumtetea Mungu jina, teodisia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya Mungu na haki. Karne nyingi kabla yake, Augustino wa Hippo alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa bali ni upungufu wa wema, kama ugonjwa ulivyo upungufu wa afya. Fundisho hilo linajibu vizuri swali la nani aliumba uovu. Kwa baba aliyefiwa na watoto kumi siku moja, halisemi kitu.

Mungu naye anapozungumza, kuanzia sura ya 38, hatoi sababu yoyote. Anauliza habari za misingi ya dunia, punda mwitu, mbuni. Yale mazungumzo na Shetani ya mwanzoni, ambayo msomaji anayajua, Ayubu haambiwi kamwe. Wengi huona hapo kwamba amenyamazishwa. Mimi sioni hivyo, kwa sababu ya sura ya 42, mstari wa saba: Mungu anamgeukia Elifazi na kumwambia kuwa yeye na wenzake hawakunena ukweli juu yake, kama alivyonena Ayubu. Waliomtetea Mungu wanaagizwa kutoa sadaka ya mafahali saba na kondoo dume saba, na aliyemlalamikia ndiye awaombee.

Mali ya Ayubu ilirudi maradufu: kondoo kutoka 7,000 hadi 14,000, ngamia kutoka 3,000 hadi 6,000. Watoto walikuwa kumi tena, si ishirini. Na katikati ya habari hiyo ya neema, mshairi anawaleta ndugu na jamaa wote nyumbani kwake. Wanakula naye, wanampa pole, na kila mmoja anamwachia kipande cha fedha na pete ya dhahabu.