Msimnyang'anye Mzee Jembe

Mzazi akishazeeka na watoto wakapata uwezo, heshima ya kwanza anayopewa ni kupumzishwa. Ndivyo ilivyo Nyansurura na kwingineko kote Serengeti na Tarime. Jembe linachukuliwa, ndoo ya maji inachukuliwa, ng'ombe anakabidhiwa mjukuu, kisha kiti kinawekwa kivulini. "Kaa mama, tutafanya sisi." Maneno hayo yanatoka moyoni. Lakini kazi yangu ni kutibu misuli na viungo, na naamini kwa dhati kwamba kiti hicho kinawadhoofisha wazee wetu kuliko jembe lilivyowahi kuwadhoofisha.

Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole akiwa na miaka 30 na kitu, na baada ya 60 kasi huongezeka. Inayotangulia kuisha ni ile inayotuinua na kutusimamisha, yaani ya mapaja na makalio. Mzee anayelima bustani, anayepanda kilima kwenda kwa jirani, anayeinama na kuinuka mara nyingi kwa siku, anaipoteza kidogo kidogo. Anayelazwa au kukalishwa anaipoteza kwa haraka ya kutisha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazee wachache wenye afya njema, wa wastani wa miaka 67, walilala kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote. Katika siku hizo walipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama ya miguu kila mtu, ingawa walikuwa wakila vizuri. Sasa mfikirie mzee aliyeugua malaria wiki mbili, halafu familia ikamwambia aendelee kulala mpaka apate nguvu. Nguvu hazitamjia akiwa amelala.

Habari njema ni kwamba msuli wa mzee haujasahau kukua. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, waliwafanyisha wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa takriban miaka 90, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Tisa walifika mwisho wa wiki nane, na nguvu za miguu yao zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama mtu wa miaka 90 anaweza, baba wa miaka 68 anayeambiwa amekwisha anaweza pia.

Wala hahitaji vyuma. Kigoda anachokalia kinatosha, kwa sababu kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi ni zoezi gumu kuliko watu wanavyodhani. Ainuke na kukaa mara nane au kumi, apumzike, arudie, asubuhi na jioni. Abebe ndoo isiyojaa. Asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika mti au ukuta, kwa sababu kujifunza kutopepesuka nako ni mazoezi, na Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya aina hii walau siku tatu kwa wiki. Ukitaka kujua mzazi wako yuko wapi, mkalishe kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kukaa mara tano mfululizo. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa kabisa bila kushika kitu, miguu imeanza kumwishia na kazi ya kuirudisha ianze wiki hiyo hiyo.

Kazi yenyewe, hata hivyo, ni bora kuliko zoezi lolote, kwa kuwa ina sababu. Wakurya wana desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa mahari na kumwoa mwanamke kijana ili mji upate watoto wa kuuendeleza. Desturi hiyo ina ubishi wake, hasa kuhusu haki za binti anayeolewa, na ubishi huo ni wa maana sana. Ninachokitazama hapa ni kitu kimoja tu: mama yule anazeeka akiwa mwenye mji. Anaamua shamba lipandwe nini, anakagua zizi, analea. Baba mzee anayeitwa kwenye kikao cha wazee naye anatembea kwenda na kurudi, na huko anasikilizwa. Mzee wa namna hiyo nikimwandikia mazoezi huwa nayaongeza tu juu ya kazi alizonazo.

Msuli haujengwi kwa ugali na mchuzi. Mzee anahitaji takriban gramu moja hadi moja na robo hivi ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 75. Kikombe cha maziwa kina gramu 8 hivi, yai 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Tatizo mara nyingi ni meno. Yakishang'oka, nyama inampita, anabaki na uji wa ulezi na chai. Basi maziwa mgando yawepo kila siku, dagaa wa ziwani watwangwe na kutiwa kwenye mboga, maharage yapondwe. Na apewe maji bila kungoja aombe, maana kiu hupungua kadiri umri unavyosogea hata kama mwili umekauka.

Kuna adui asiyeumiza, ambaye ni presha. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba karibu 7 kati ya kila wazee 10 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakujua. Hao walikuwa watu wa vijijini. Fikra kwamba presha ni ya wanene wa mjini imewaletea wengi kiharusi. Kipimo ni cha dakika chache. Siku mnapokwenda mnadani au kanisani, mpitisheni zahanati.

Na hapa kuna jambo linalonisumbua kuliko yote. Wazee wengi wenye maumivu ya magoti na mgongo wanaishi kwa diklofenaki ya duka la dawa, wanaimeza miezi na miaka bila kupimwa. Dawa hiyo na ndugu zake, kama ibuprofeni, hupandisha presha, huchosha figo na huweza kutoboa tumbo. Mzee mwenye presha anayemeza vidonge hivyo kila siku anajitibu goti huku akijiumiza moyo. Parasetamo kwa kipimo sahihi ni salama zaidi, na goti lenye msuli imara wa paja huuma kidogo. Mpeni muuguzi au daktari orodha ya kila anachomeza, zikiwemo dawa za mitishamba.

Msiogope kudai huduma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee, na asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo. Ulizeni dirisha la wazee. Wakati mwingine mtaambiwa dawa hakuna, mkanunue. Hilo linaumiza na viongozi wa kata waambiwe, lakini ushauri na kipimo cha presha msikose kwa sababu hiyo.

Mwisho nauelekeza kwa vijana wenye shoka. Mzee huanguka usiku akienda chooni, na choo cha shimo kinamtaka achuchumae kwa miguu iliyokwisha kudhoofika. Chimbieni nguzo mbili imara pande zote za tundu, kimo cha kiuno, ashike anaposhuka na anapoinuka. Asiyeweza kuchuchumaa apigiwe kiti cha mbao chenye tundu. Ondoeni mawe na visiki njiani, na tochi ikae kando ya kitanda. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, hasa kama anameza dawa za presha, kwa sababu damu ya mzee huchelewa kupanda kichwani.