Vifaa Vinapopigiana Hodi: Jinsi Bluetooth Inavyounganisha Simu, Printa na Kompyuta

Mkazi anayehitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa au ya kitambulisho cha taifa mara nyingi huipiga picha hati hiyo kwa simu, kisha huenda katika duka la stesheneri ili ichapishwe. Asiye na bando huituma kwa Bluetooth. Baada ya muda mfupi karatasi imetoka, malipo yamefanyika na mteja ameondoka. Katika muda huo mfupi, simu na kompyuta zimetafutana, zimetambuana, zimekubaliana juu ya siri ya pamoja na kuunda mtandao mdogo usiohitaji waya wala mnara wa kampuni ya simu. Vilevile, nakala ya hati imebaki katika kompyuta ya duka, na jina la kompyuta hiyo limebaki katika simu ya mteja.

Teknolojia hiyo hiyo hutumika katika printa ndogo za risiti zinazofanya kazi pamoja na simu, spika za muziki, vipokea sauti vya masikioni, redio za magari, saa za mkononi na baadhi ya vipimo vya shinikizo la damu. Kwa kuwa imeenea kiasi hicho, ni vyema kila mwenye simu afahamu namna inavyofanya kazi, na hasa afahamu ni hatua ipi ambayo mashine haiwezi kumwamulia.

Asili yake

Kazi ya kuunda teknolojia hii ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund nchini Sweden, ambako mhandisi Jaap Haartsen alikuwa miongoni mwa waliotafuta njia ya kuunganisha simu na vifaa vyake bila waya. Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, ziliunda umoja wa kusimamia kanuni zake, ili kifaa cha kampuni moja kiweze kuelewana na cha nyingine. Jina lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel. Alilichukua kwa Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayekumbukwa kwa kuunganisha makabila yaliyokuwa yamefarakana. Alama inayoonekana katika simu imeundwa kwa herufi mbili za kale za Skandinavia zinazowakilisha jina la mfalme huyo.

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4, ambayo katika nchi nyingi yameachwa wazi kwa matumizi yasiyohitaji leseni. Nguvu yake ni ndogo kwa makusudi. Vifaa vingi vya mkononi hurusha mawimbi yenye nguvu ya miliwati 2.5 tu, inayotosha umbali wa takriban mita 10. Vipo vya miliwati 100 vinavyoweza kufikia mita 100 mahali pa wazi. Ukuta, mabati na hata mwili wa binadamu hupunguza umbali huo. Kwa kuwa mawasiliano hupita moja kwa moja kati ya kifaa na kifaa, hayatumii bando wala salio.

Hatua ya kwanza: kutafutana

Kifaa kinachotaka kuunganishwa hakijui nani yupo jirani. Hufanya kama mgeni aliyefika uani asione mtu: hupiga hodi, kisha husikiliza. Mtumiaji anapogusa neno la kutafuta vifaa, simu hurusha wito mfupi katika masafa mbalimbali. Kila kifaa kilicho jirani ambacho kimeruhusiwa kuonekana huamka kila baada ya muda mfupi, husikiliza kidogo, na kikiusikia wito hujibu kwa kutaja anwani yake na aina yake. Anwani hiyo ni namba yenye biti 48. Jina linaloonekana kwenye kioo, kama vile jina la mwenye simu au la duka, huulizwa baadaye.

Utafutaji huo huchukua muda kwa sababu pande zote mbili hubadilisha masafa kila mara, na ni lazima zikutane katika masafa mamoja kwa wakati mmoja. Kwa kawaida simu hutenga sekunde 10 hivi au zaidi kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kifaa kingine huonekana mara moja na kingine huchelewa, ingawa vyote viko juu ya meza moja.

Mwaka 2010 kanuni toleo la 4.0 zilileta aina ya pili, inayotumia umeme kidogo sana. Katika aina hii utaratibu umegeuzwa: kifaa chenye huduma ndicho kinachojitangaza, nacho kinachotafuta husikiliza tu. Matangazo hayo mafupi hurushwa katika chaneli 3 kati ya 40 zilizopo. Chaneli hizo zimewekwa mbali mbali, ili kelele ya Wi-Fi ikiziba moja, nyingine zipitishe ujumbe. Saa ya mkononi yenye betri ndogo inaweza kutangaza kwa namna hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa sehemu kubwa ya wakati imelala.

Hatua ya pili: kuoanishwa

Kuonekana si kuingia. Baada ya kutambuana, vifaa huoanishwa, yaani hukubaliana juu ya ufunguo wa siri utakaotumika kuyafumba mawasiliano yao. Zamani ufunguo huo ulitokana na namba ya siri iliyoandikwa pande zote mbili. Kwa kuwa vifaa vingi vilitoka kiwandani vikiwa na namba 0000 au 1234, siri hiyo haikuwa siri.

Utaratibu ulioanza mwaka 2007 ni imara zaidi. Kila kifaa hutunga namba mbili zinazohusiana kihesabu, moja ya wazi na moja ya siri. Hupeleka ile ya wazi na kubaki na ile ya siri. Kwa kuchanganya namba yake ya siri na namba ya wazi ya mwenzake, kila upande hufikia jibu lile lile. Mtu anayesikiliza pembeni huzipata zile za wazi tu, nazo peke yake hazimfikishi kwenye jibu.

Hata hivyo, hesabu hiyo haimtambui aliye upande wa pili. Inathibitisha kwamba siri imepatikana kati ya vifaa viwili, lakini haithibitishi kwamba kifaa cha pili ndicho kile kilichokusudiwa. Kwa sababu hiyo simu na kompyuta huonyesha namba ya tarakimu 6 na kuuliza iwapo zinafanana. Namba zikitofautiana, kifaa kingine kimejipenyeza katikati. Mtu pekee awezaye kuviona vioo vyote viwili ni mtumiaji mwenyewe. Anayebonyeza neno la kukubali bila kutazama ameiondoa kinga hiyo kwa mkono wake.

Spika na vipokea sauti havina kioo, hivyo huoanishwa bila kulinganisha namba. Ndiyo sababu jirani anaweza kuiteka spika iliyoachwa katika hali ya kutafutwa na kupiga muziki wake.

Mtandao mdogo unavyoundwa

Vifaa vinapokubaliana, kimoja huwa kiongozi na vingine huwa wafuasi. Kiongozi mmoja anaweza kuhudumia wafuasi 7 kwa wakati mmoja. Kikomo hicho kinatokana na anwani fupi ya biti 3 anayopewa kila mfuasi. Biti 3 hutoa namba 8, na moja imetengwa kwa ujumbe unaokwenda kwa wote. Kundi hilo huitwa pikoneti. Kifaa kimoja kinaweza kushiriki katika pikoneti mbili na kuziunganisha kuwa mtandao mpana zaidi.

Kazi kuu ya kiongozi ni kutunza saa. Mtandao huruka kutoka chaneli moja kwenda nyingine mara 1,600 kwa sekunde, miongoni mwa chaneli 79, kwa mfuatano unaotokana na anwani na saa ya kiongozi. Wafuasi huifuata saa hiyo na kuruka pamoja naye. Kwa njia hii pikoneti kadhaa zinaweza kufanya kazi ndani ya ukumbi mmoja bila kuzuiana, kwa sababu zikigongana katika chaneli moja, mruko unaofuata huzitenganisha. Tangu mwaka 2003 vifaa huweza pia kuzikwepa chaneli zilizojaa kelele.

Mwaka 2017 zilitoka kanuni za mtandao wa aina nyingine, usio na kiongozi mmoja. Humo kila kifaa huweza kupokea ujumbe na kuupeleka mbele kwa jirani yake hadi ufike mwisho wa jengo. Mfumo huo hutumika hasa kuendesha taa za majengo makubwa.

Bluetooth haina kasi kubwa. Aina ya kawaida hufikia megabiti 3 kwa sekunde katika hali bora, hivyo picha ya hati hupita haraka ilhali video ya megabaiti 100 huhitaji dakika kadhaa. Huduma mpya za kutumiana mafaili hutumia Bluetooth kutafutana tu, kisha mzigo wenyewe huupitisha kwa Wi-Fi kati ya simu na simu.

Hatari iko wapi

Wapo wanaoamini kwamba kuwasha Bluetooth kunatosha kumfanya mtu aibiwe fedha za simu. Hilo si sahihi. Kuunganishwa peke yake hakutoi namba ya siri ya mwenye simu wala hakuhamishi fedha. Hatari huingia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ridhaa iliyotolewa bila kufikiri. Mwaka 2004 kiligunduliwa kirusi kilichoitwa Cabir, kilichosambaa kwa Bluetooth katika simu zilizotumia mfumo wa Symbian. Hakikuvunja mlango. Kiliituma faili lake kwa simu iliyoonekana jirani, na mwenye simu aliulizwa iwapo analipokea. Aliyekataa aliulizwa tena na tena maadamu yuko karibu, na wengi walichoka wakakubali. Programu ngeni iliyopokelewa kwa namna hiyo leo inaweza kusoma ujumbe mfupi na kupeleleza kinachoandikwa, ikiwa mwenye simu ataisakinisha na kuipa ruhusa.

Njia ya pili ni kasoro ya programu ya simu yenyewe. Mwaka 2017 ulitangazwa udhaifu ulioitwa BlueBorne, uliowezesha mvamizi aliye jirani kuingia katika vifaa fulani ambavyo Bluetooth yake imewashwa, bila kuoanishwa na bila mwenye kifaa kuulizwa lolote. Watengenezaji walitoa masasisho ya kuziba kasoro hiyo, lakini simu isiyosasishwa ilibaki wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, Bluetooth izimwe wakati haitumiki, hasa katika mikusanyiko kama vile stendi, minada na magulio. Kuizima kunapunguza pia matumizi ya betri.

Pili, jina la simu lisiwe jina kamili la mwenyewe wala namba yake, kwa kuwa huweza kuonekana kwa yeyote anayetafuta vifaa jirani.

Tatu, ombi la kuoanishwa au faili ambalo mtu hakulitarajia likataliwe, hata likirudi mara nyingi. Likiendelea kusumbua, dawa ni kuzima Bluetooth au kusogea mbali.

Nne, tarakimu 6 zinapoonekana, zisomwe na kulinganishwa kabla ya kukubali.

Tano, mteja wa stesheneri anayetuma hati yenye taarifa zake binafsi ahakikishe jina la kompyuta ya duka kwa kumuuliza muuzaji, na baada ya kuchapisha aombe faili lifutwe mbele yake, pamoja na lililo katika kapu la taka la kompyuta. Kisha, katika mipangilio ya simu, aiondoe kompyuta hiyo kwenye orodha ya vifaa vilivyooanishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mwananchi juu ya taarifa zake, na mwenye duka muungwana hataona tabu kutekeleza ombi hilo.

Sita, orodha hiyo ipitiwe kila mara. Simu iliyouzwa, spika iliyorudishwa kwa mwenyewe au redio ya gari lililobadilisha mmiliki haina sababu ya kubaki humo. Anayeuza simu yake aifute kabisa kabla ya kuikabidhi.

Saba, masasisho ya simu yapokelewe yanapotolewa, na programu zisakinishwe kutoka katika duka rasmi la programu tu.

Kuingia katika simu au kompyuta ya mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mkazi anayeshuku kuwa simu yake imeingiliwa azime Bluetooth na intaneti, abadilishe namba zake za siri kwa kutumia simu nyingine iliyo salama, aijulishe kampuni ya huduma za fedha anayoitumia, na atoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu.